Hatua 412: kutoka kwenye geti la shule hadi kwenye mlango wa kituo cha afya

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi iliyopita katika ukumbi wa parokia hapa Katuba, Lubumbashi, mbele ya wazazi, walimu na wakubwa wa shule. Wengi hawakuweza kufika: walikuwa kazini, wengine kwenye kilio. Wameniomba maneno yote, basi nayaweka kama yalivyosemwa.

Baba na mama, Bwana Prefe, Mama Derekta, walimu, viongozi wa dini, nanyi vijana mliokaa nyuma pale karibu na dirisha, hamjambo wote.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi hii miaka 21, na mingi kati ya hiyo nimekaa kwenye meza moja, katika kituo kimoja cha afya, hapa hapa Katuba. Wengi wenu nimewashikia watoto siku waliyozaliwa. Leo nataka tuzungumze juu ya watoto hao hao, maana wamekua, na tangu wakue siwaoni tena.

Wiki iliyopita nilisimama kwenye geti la shule moja ya sekondari, nikaanza kutembea huku nikihesabu hatua. Nikampita mama anayekaanga vitumbua. Nikapita kinyozi. Nikapita wale wanaouza makala, makaa ya kupikia, kwa viroba, na vumbi hili la mwezi wa nane likinijaa puani. Nilipogusa mlango wa kituo chetu, nilikuwa nimehesabu hatua 412.

Hatua 412, ndugu zangu. Mtoto anazimaliza kabla hujamaliza kumenya muhogo.

Nikaingia ndani, nikafungua daftari la wagonjwa, nikateremsha kidole kwenye safu ya umri. Miezi 4. Miaka 2. Miaka 31, mimba ya tano. Miaka 67, presha. Miezi 9. Miaka 3. Miaka 28. Nikapindua ukurasa, nikapindua tena, nikitafuta miaka 12, miaka 14, miaka 16. Mwishowe nikapata msichana wa miaka 17. Mnajua alikuja kufanya nini? Alikuja kujifungua.

Shule ile ina mamia ya watoto. Je, hawaumwi? Hawana meno? Hawana macho? Hawana huzuni? Hatua 412 tu, na hawafiki. Kwa nini hawafiki?

Tuanze hapo.

Mtoto wa Kongo anapozaliwa tunamshika kwa mikono miwili. Mama anampeleka kwenye kilo. Tunampima, tunamwandikia kwenye fishi yake, ile kadi ya kliniki, tunamdunga sindano zake. Akikosa siku, relé, yule mhudumu wa afya wa mtaani, anapita nyumbani kuuliza. Chanjo za utoto zinamalizika mtoto akikaribia miaka 2. Kilo yenyewe kwenye karatasi inakwenda hadi miaka 5, lakini ninyi wamama mnajua wenyewe kwamba sindano zikiisha, kilo nayo imeisha. Baada ya hapo, fishi nyingine ambayo serikali imemwandalia binti yako ni ipi? Fikirini vizuri. Ni fishi ya mimba. Kati ya sindano ya mwisho na mimba ya kwanza hatuna miadi naye hata moja. Na mtoto wa kiume hana hata hiyo fishi ya mimba. Yeye tutamwona siku ameanguka na pikipiki, au siku kifusi kimemwangukia shimoni kwenye machimbo.

Tangu 2019 serikali imetangaza kwamba shule ya msingi ya umma ni bure. Ni jambo kubwa, na mimi nimeona madarasa yanavyojaa. Mwaka 2023 serikali ikaanza, kwa kuanzia Kinshasa, mpango wa mama kujifungua bila kulipa. Hilo nalo ni jambo kubwa. Lakini weka mambo haya mawili pamoja, halafu tazama katikati. Mtoto akimaliza mwaka wa sita, analipa minervali, ile ada ya shule. Akiumwa tumbo, analipa fishi, yaani ada ya kituo. Akitaka kumwona muuguzi aulize swali moja tu, analipa. Katika mpango huo msichana wa miaka 16 anapokelewa bure akija na mimba, na analipishwa akija kabla ya mimba. Mimi sisemi tuondoe hiyo ya mimba. Nasema tumeacha shimo katikati, na watoto wetu ndimo wanamotumbukia.

Uchunguzi mkubwa wa nyumba kwa nyumba uliofanyika nchini mwaka 2013 na 2014 ulikuta kwamba kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza. Ishirini na saba! Mkipanga mabinti kumi mlangoni mwa kanisa, karibu watatu.

Sasa niwasimulie binti mmoja. Jina lake silitaji, na hata mtaa nimeubadilisha.

Alikuwa mwaka wa nane. Asubuhi moja ya baridi, wakati wa kupandisha bendera, alianguka. Wakamnyanyua, wakamkalisha kwenye ngazi, wakampa maji ya sukari. Wiki iliyofuata akaanguka tena, safari hii darasani. Mnajua kilichosemwa. Hata ninyi hapa, nasikia kichwani mwenu kimekwisha kusemwa. “Ana mimba.” Mwenzake alimwambia mwenzake, mwalimu akasikia, mama akaitwa. Yule mama alikuja akiwa amekwisha kulia njiani, akafika nyumbani akampiga binti. Alimpiga usiku, na kesho yake binti hakwenda shuleni, wala kesho kutwa.

Ni nyanya yake aliyemleta kwetu, akidhani ni malaria. Nilimkalisha mbele ya dirisha, nikamvuta kidogo ngozi ya chini ya jicho. Ndani pale panatakiwa pawe pekundu, kama ndani ya pera lililoiva. Kwake palikuwa peupe kama karatasi hii. Nikamwomba anionyeshe ulimi: mweupe. Viganja: vyeupe. Nikamwuliza kwa sauti ya chini, “Binti, unakula pemba?” Akainamisha kichwa. Ule udongo mweupe unaouzwa sokoni kwa mafungu, alikuwa anautafuna kila siku, ameuficha ndani ya kalamu-boksi. Mwili unapokosa madini ya chuma mara nyingi huanza kutamani vitu visivyo chakula. Tukapima: hakuna mimba, alikuwa hajamjua mwanamume kabisa. Damu ndiyo ilikuwa imemwishia. Siku zake za mwezi zilikuwa nzito, zinakwenda siku nane, na tumboni alikuwa na minyoo.

Dawa yake ilikuwa nini? Vidonge vya chuma na dawa ya minyoo. Vitu ambavyo kwenye kabati letu vipo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mahali ambapo upungufu wa damu umeenea, wasichana na wanawake wanaopata siku zao wapewe kidonge cha chuma na asidi ya foliki mara moja kwa wiki. Kidonge kimoja kwa wiki! Na kwetu umeenea: uchunguzi ule ule niliosema ulikuta wanawake 38 kati ya 100, wa miaka 15 hadi 49, wana upungufu wa damu. Nawauliza walimu, na siwalaumu: binti yule alikaa mbele yenu miezi mingapi akisinzia? Mlimwita mvivu? Kama kungekuwa na njia, njia ya kweli kati ya daftari lako na daftari langu, angeanguka mara ya pili? Angepigwa?

Mama yake yupo hapa leo. Ameniruhusu nisimulie. Mama, asante.

Wazee wetu walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli. Lakini mimi kwenye meza yangu nimejifunza kuuliza swali la pili: nani alimfanya mtoto afiche?

Mwaka jana tulikubaliana na shule moja kujaribu. Prefe wake, yaani mkuu wa shule, ni mtu wa moyo, na komiti ya wazazi ikakubali. Tukasema, kila Jumatano kuanzia saa saba na nusu mchana hadi saa kumi, kituo ni cha wanafunzi. Tukaandika bango zuri kwa rangi ya buluu: Huduma ya Uzazi kwa Vijana. Tukalitundika mlangoni.

Wiki ya kwanza hakuja mtu. Wiki ya pili hakuja mtu. Wiki ya tatu alikuja msichana mmoja. Nilimwona kupitia dirishani, na bleu-blanc yake, sare ya shule, daftari amelibana kifuani kuficha beji ya shule. Akafika karibu na mlango. Akaona benchi la nje, na juu ya benchi ameketi jirani ya mama yake anayesubiri kupimwa presha. Yule mama akamtazama binti, akatazama bango, akamtazama binti tena. Hakusema neno. Na binti akageuka, akarudi alikotoka, akitembea haraka haraka kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Usiku huo sikulala vizuri. Nilijiuliza alikuwa anakuja kwa nini. Labda jino. Labda chunusi. Labda alikuwa na swali dogo kabisa. Bango letu lilikuwa limekwisha kumhukumu kabla hajafungua mdomo.

Jumatano iliyofuata nililing'oa bango lile kwa mikono yangu.

Baadaye ndipo nikaja kusoma kwamba hata wengine waliwahi kuanguka kwenye shimo hilo hilo. Huko Marekani, katika mji wa St. Paul, walifungua kliniki ndani ya shule ya sekondari mwaka 1973. Mwanzo ilishughulikia mambo ya mimba, uzazi na magonjwa ya zinaa tu. Wanafunzi wakaikwepa, maana kila anayeingia anajulikana ameingia kwa nini. Wakaipanua: vipimo vya wanamichezo, chanjo, uzito wa mwili, magonjwa ya kawaida. Hapo ndipo wakaanza kuja. Miaka zaidi ya 50 iliyopita, ng'ambo ya bahari, na binti wa Katuba akanifundisha somo lile lile kwa kugeuka mlangoni.

Kwa hiyo tukabadilisha. Tukaanza na macho. Nilichora ubao wa herufi E, kubwa juu, ndogo chini, nyingine zinatazama kulia, nyingine kushoto, nyingine juu. Tukautundika kwenye mti wa mwembe uani mwa shule, tukapima mita 6, tukachora mstari kwa chokaa. Darasa zima linapita, mmoja mmoja, anafunika jicho moja, anaonyesha kwa vidole vile miguu ya E inaelekea wapi. Wakacheka, wakashindana. Akafika kijana mmoja wa mwaka wa tatu wa humanité, yale madarasa ya juu ya sekondari, mrefu, ambaye walimu walikuwa wamekwisha kumchoka kwa sababu ya kuchungulia daftari la jirani. Akaona herufi ya juu kabisa. Ya pili akakosea. Ya tatu akanyamaza. Nikamwambia, “Sogea mbele mpaka uione.” Akasogea, akasogea, akasimama hatua mbili kutoka kwenye mti. Akasema, “Mama, mimi nilifikiri watu wote wanaona hivi.”

Miaka kumi shuleni! Ameadhibiwa mara ngapi kwa kunakili? Na hakuna aliyemwuliza kama anaona ubao.

Kijana yule ndiye aliyetuletea wengine. Alikuja Jumatano na kijikaratasi chake cha kumtuma kwetu kwa ajili ya macho. Wenzake wakaona amekwenda, amerudi, hakuna kilichomtokea. Na kijikaratasi kile, sikilizeni walimu, ni kimoja kwa wote. Rangi moja. Anayeumwa jino anakuja nacho, mwenye kidonda anakuja nacho, mwenye mwili wa kuumwa kila baridi ikiingia, tukija kugundua ni damu ya seli mundu, anakuja nacho. Na msichana aliyekosa siku zake anakuja nacho hicho hicho. Ukimwona mtoto njiani nacho mkononi, hujui. Hata jirani wa kwenye benchi hajui.

Nakumbuka baba mmoja alisimama katika mkutano wa wazazi akaniuliza, mbele ya watu, “Mama, ninyi mnataka kuwafundisha watoto wetu uzinzi?” Lilikuwa swali la mzazi anayempenda mtoto wake, na nilimjibu kwa heshima, na leo najibu tena kwa wote wenye swali hilo moyoni na hawakulisema. Baba, simu iliyo mfukoni mwa mwanao imekwisha kumfundisha. Rafiki zake wamekwisha kumfundisha, na wamemfundisha vibaya. Kule famasi ya kona wanauza vidonge kimoja kimoja, rangi mbili, kwa kijana anayeona haya kusema anaumwa wapi. Anameza viwili, maumivu yanapungua, ugonjwa unabaki, na unatembea. Mimi ninachotaka ni mtu mzima mmoja, mwenye elimu, asiyepiga kelele, awe kati ya mtoto na kona ile. Na kila mara, kila mara, tunamwuliza mtoto, “Nyumbani nani unaweza kumwambia? Tumwite pamoja?” Wengi wanakubali. Nimeshuhudia baba na binti wakilia pamoja kwenye kile chumba kidogo cha sindano.

Siri ina mipaka yake, na mipaka hiyo tunamwambia mtoto kabla hajaanza kusema. Kama anataka kujiua, kama kuna mtu anamwumiza, hatutakaa kimya.

Na hapa naomba utulivu, maana nafika mahali pazito.

Kulikuwa na msichana. Alifanyiwa ukatili na mtu mzima, Jumapili jioni. Jumatatu asubuhi alimwambia mwalimu wake wa kike. Mnajua inahitaji ujasiri wa namna gani mtoto kusema maneno hayo? Alimchagua mwalimu yule kati ya watu wote duniani. Na mwalimu ni mtu mwema. Alimkumbatia. Alisali naye. Alimwambia apumzike, na kwamba atatafuta namna ya kuzungumza na familia. Akatafuta namna Jumanne. Akatafuta Jumatano. Alhamisi akazungumza na shangazi. Ijumaa asubuhi wakamleta kwetu.

Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya tukio kama hilo hutakiwa zianze kabla ya saa 72 kwisha, na kila saa inayotangulia ni bora kuliko inayofuata. Saa 72 kutoka Jumapili jioni zinaisha Jumatano jioni. Jumatano, siku ile ile mlango wetu ulipokuwa wazi kwa wanafunzi wa shule nyingine. Kidonge cha dharura cha kuzuia mimba kina saa 120. Hicho tulikiwahi.

Juu ya binti sitasema zaidi. Juu ya mwalimu nitasema hili: alilia kwenye ofisi yangu akaniambia, “Mama, hakuna aliyewahi kuniambia kuhusu saa.” Na ni kweli. Nani alimwambia? Chuo cha ualimu hakikumwambia. Sisi wa kituo hatukumwambia. Zoni ya afya haikumwambia. Tunayo sheria ya 2006 dhidi ya ukatili wa kijinsia, tunayo sheria ya 2009 ya kumlinda mtoto, karatasi nzuri zenye muhuri. Lakini namba ya simu ya muuguzi haikuwepo kwenye ukuta wa ofisi ya walimu. Hatua chache tu, na zilichukua siku tano.

Saa 72. Walimu, semeni pamoja nami. Saa 72. Tena. Saa 72.

Asanteni. Mrudi nayo nyumbani.

Sasa wazee waliokaa mbele hapa wanatingisha kichwa, na najua wanachowaza. Wanawaza, “Zamani haikuwa hivi.” Baba zangu, mimi nami ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi. Baba yangu alifanya kazi Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Nakumbuka muuguzi akija shuleni na jiko lake la spiriti la kuchemshia sindano, sisi tumepanga mstari, tunatetemeka kabla hajatugusa. Ukiumwa, mwalimu anakupa karatasi, unakwenda dispansari ya kambi, wanakujua kwa namba ya baba yako. Tangu siku za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia, mwenye shule na mwenye hospitali alikuwa mmoja. Daftari la shule na daftari la dispansari yalikuwa ndugu.

Lakini tuseme kweli yote. Mlango ule ulikuwa wa watoto wa kampuni. Watoto wa Katuba ambao baba zao walikuwa mafundi, wauzaji, wafanyakazi wa ndani, walisimama nje ya uzio wakituangalia. Na kampuni ilipoyumba, kuanzia 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari, baba yangu akiwa mmoja wao, na njia ile ikakatika hata kwetu. Kwa hiyo mimi siombi ile ya zamani irudi kama ilivyokuwa. Naomba kilichokuwa kizuri ndani yake, safari hii kwa watoto wote.

Wala siombi majengo. Mtu akinisikia anadhani nataka kila shule ijenge zahanati yake. Kwa pesa ipi? Kituo kibaki kilipo. Shule ibaki ilipo. Hata hapa, parokia hii hii ina shule na ina kituo cha afya, uzio mmoja, padri mmoja, na mpaka mwaka jana mwalimu wa huku alikuwa hamjui muuguzi wa kule kwa jina. Ninachoomba ni zile hatua 412 ziwe na watu wanaojulikana.

Kwa wakubwa wa shule: nipeni mwalimu mmoja. Asiwe lazima yule wa biolojia, awe yule ambaye watoto wenyewe wanamkimbilia wakiwa na shida, ninyi mnamjua. Tutamfundisha siku mbili: kutazama jicho, kutambua mtoto anayezama kwa huzuni, na zile saa. Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya matatizo yote ya akili ya watu wazima huanza kabla ya miaka 14 au wakati huo. Mwalimu ndiye anayemwona mtoto wa miaka 14 kila siku ya Mungu, mimi simwoni.

Kwa wazazi: wakati wa kuandikisha mtoto mwezi wa tisa, kutakuwa na karatasi moja ya ziada. Someni, ulizeni, halafu sainini. Tunaitaka mwanzo wa mwaka, siku ambayo hakuna mtoto anayeumwa na hakuna anayeshtakiwa, ili siku ikifika tusianze kutafutana. Na komiti ya wazazi pamoja na ile ya afya ya mtaa, CODESA, mkae meza moja juu ya fishi ya Jumatano. Kwa shule ile moja tulikubaliana mwanafunzi asilipe, na mfuko wa kituo haukufa. Kwa shule tano tunazotaka kuanza nazo sasa sina hakika utastahimili bila zoni kutusaidia na vidonge vya chuma na dawa za minyoo, na mkuu wa zoni nimekwisha kumwambia hivyo uso kwa uso.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Huduma inayopitia shuleni inamwacha nje mtoto ambaye hayuko shuleni. Yule anayeuza maji ya sachet kwenye barabara ya soko, yule aliyekwenda kwenye machimbo. Wenzetu wa Rwanda walipoanza kuwapa wasichana chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi mwaka 2011, waliipeleka madarasani, wakafikia zaidi ya 90 kati ya 100. Na wale ambao hawakuwa darasani waliwatafuta mitaani. Sisi tumeanza na kitu kidogo: kila mwanafunzi anaruhusiwa kuja na ndugu yake mmoja asiyesoma, kwa kijikaratasi kile kile. Jumatano moja kijana alikuja na mdogo wake aliyekuwa na bakuli la mayai ya kuchemsha kichwani. Aliliweka chini mlangoni, akaingia, akatoka, akalinyanyua, akaendelea na biashara yake. Jino lilikuwa limeoza hadi kwenye mfupa.

Masomo yanaanza baada ya wiki mbili. Meza iliyo pale karibu na mlango ina daftari jipya, kurasa tano, kila ukurasa ni wa shule moja. Juu, mkuu wa shule anaandika jina la mwalimu aliyemchagua na namba yake ya simu. Chini, mimi nimekwisha kuandika ya kwangu. Mama katibu yupo pale mpaka saa kumi na moja. Jumatano ya kwanza ya mwezi wa tisa, saa saba na nusu, mlango utakuwa wazi, na benchi la nje nimelihamishia upande wa pili.